Usomaji wa Pili

Mtu alibisha mlango wa Hifadhi ya Sauti kwa mkono.

Subilaga alikuwa ameinamia kisomeo cha sidii, anafuta lenzi kwa kitambaa laini. Aliposikia vidole vikigonga ubao aliacha kazi, akatulia tuli kama mtu aliyesikia nyoka darini. Tukuyu nzima hakuna aliyebisha kwa mkono tena. Ulisimama mbele ya mlango, ukataja jina lako, mlango ukaitambua sauti yako na kufunguka. Anayebisha kwa mkono ni mtu ambaye milango haimsikii. Milango haimsikii mtu aliyefungiwa sauti, na mtu hafungiwi sauti kwa kosa dogo.

Ubao ukagongwa tena, polepole, mara tatu.

Alikwenda kwenye kioo kidogo kinachoonyesha barazani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi, na katikati yake alisimama bibi mwenye mwavuli wa buluu na bandeji juu ya jicho la kushoto. Subilaga alimtambua mara moja. Nchi nzima ingemtambua Bibi Sekela. Miezi minne iliyopita sauti ya bibi huyu iliamuru lango la bwawa la Itebe lifunguke lote kwa mpigo, saa nne asubuhi, watu wakiwa mabondeni wanapandikiza mpunga. Walikufa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Tumpe, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwa Subilaga na kumsuka nywele kila Jumamosi.

Kumfungulia mtu wa namna hiyo hakukuwa kosa kisheria, lakini mlango ungeandika saa na jina, na waliosoma maandishi ya milango walikuwa wengi. Alisimama mkono ukiwa juu ya kitasa cha akiba, akiomba moyoni bibi achoke aende zake. Bibi hakuenda. Alikunja mwavuli, akauegemeza ukutani, akaanza kutetemeka kwa baridi.

Subilaga akafungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani utaniacha hapa nje."

"Nilitaka kufanya hivyo," Subilaga alisema. Hofu ilikuwa imemnyima muda wa kutafuta maneno ya adabu.

Bibi Sekela aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa bei ya sukari. Aliketi kwenye benchi la wageni, akafungua fundo la kanga, na kutoa kasha jembamba la plastiki lililopasuka pembeni. Ndani yake mlikuwa na sidii, upande mmoja imeandikwa kwa kalamu ya wino iliyofifia: *Njaa ya Mwaka Ule, mchezo wa vijana.*

"Ulinisomea wewe mwenyewe," alisema. "Miaka kumi na mitatu iliyopita. Ukanirudishia na cheti, ukaniambia niitunze mbali na jua. Nimeitunza."

"Jicho limefanyaje?"

"Jiwe. La mtu aliyefiwa, simlaumu." Aligusa bandeji. "Kesi yangu ni Alhamisi. Wakishanitia hatiani watanifungia moja kwa moja. Sasa hivi ni kwa muda tu, na tayari kabati la dawa pale zahanati halinifungukii, jirani ndiye ananichukulia vidonge vya presha. Jirani huyo naye ameanza kuogopa kuonekana na mimi."

"Bibi, mimi ni mnakili tu. Sina uwezo na kesi."

"Nisikilize kwanza. Juzi wakili alinipigia ile amri iliyofungua lango. Sauti inasema, 'Fungua. Fungua yote.' Basi. Wote mle chumbani wakanitazama. Mimi nina miaka sabini na minne, mwanangu, na ile ilikuwa sauti ya msichana. Kila mwenye masikio aliisikia kuwa ni ya msichana. Lakini mashine ya lango imesema ni yangu, na kweli ni yangu, basi hakuna aliyejali umri." Alikohoa. "Nikakumbuka niliyasema wapi. Humu. Kabla sijaajiriwa bwawani na lango kufundishwa sauti yangu. Nilikuwa mke wa mwenye ghala, watu wana njaa, namwambia mume wangu: fungua, fungua yote."

Subilaga aliitazama ile sidii bila kuigusa. Alikuwa ameelewa kabla bibi hajamaliza. Mtu aliye hai hawezi kulisema neno moja mara mbili sawasawa. Pumzi hubadilika, ulimi hubadilika. Kama maneno ya langoni yalifanana na maneno ya kwenye sidii mpaka chembe ya mwisho, basi hakuna bibi aliyesimama popote na kuyasema. Mtu aliyakata humu akayabandika kule.

"Mahakama ya Sauti inataka nakala mpya," alisema, "iliyosomwa upya kutoka kwenye sidii yenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja. Wamesema mkaguzi wao atafika hapa leo saa nane kukuapisha."

Ukutani saa ilionyesha saa nne na nusu.

*

Kazi ya kunakili sidii ilikuwa na masharti matatu, na Subilaga aliyajua kama anavyojua jina la mama yake.

La kwanza, soma mara mbili. Sekunde moja ya sauti kwenye sidii imekatwa vipande sabini na vitano, na kila kipande kina sampuli mia tano themanini na nane, namba tupu zinazosema wimbi la sauti lilikuwa wapi katika nukta ile. Kompyuta husoma kipande, huweka namba zake pembeni, hurudi nyuma, husoma tena, kisha hulinganisha. Zikifanana, kipande kinakubaliwa. Zisipofanana, husoma tena na tena.

La pili, usijaze. Visomeo vya zamani vilitengenezwa ili watu wastarehe na muziki. Vikikuta doa au mkwaruzo, havikuambii kwamba vimeshindwa. Vinabuni. Vinachora mstari ulionyooka kutoka sampuli nzuri ya mwisho hadi sampuli nzuri inayofuata, na sikio halitambui kitu. Kwa mnakili, kubuni huko ni uongo. Asichokisoma anaacha kimya mahali pake.

La tatu, andika usichokijua.

Sheria hizi zilitungwa baada ya miaka ile mibaya ambapo kila sauti iliweza kutengenezwa, watu wakasikia viongozi wakisema wasiyosema na watoto wakiomba msaada wasioomba. Mwishowe mahakama zikakubali ushahidi wa aina moja tu kutoka zamani, sauti zilizokuwa zimechomwa kwenye plastiki kabla mashine hazijajifunza kusema. Visomeo vinavyofanya kazi vilibaki vitatu katika nyanda zote za kusini. Viwili vilikuwa chumbani humu.

Aliiosha sidii kwa maji yaliyochujwa, akiifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukingo ulikuwa umeanza kupata rangi ya shaba, ule ugonjwa unaozila sidii zote zilizochomwa majumbani. Aliitia kwenye trei. Trei ikarudi ndani na kisomeo kikaanza kuguna.

Usomaji wa kwanza ulichukua dakika arobaini. Bibi Sekela alilala palepale kwenye benchi, mdomo wazi kidogo. Kila gari lililopita barabarani lilimfanya Subilaga asimame kuchungulia. Mara moja vijana wanne walisimama ng'ambo ya barabara wakatazama mlango wa Hifadhi kwa muda mrefu, kisha ukungu ukawafunika, na hakujua kama wameondoka au bado wamesimama mle ndani ya weupe.

Usomaji wa pili uliisha saa sita na robo. Mistari yote kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa ya kijani. Sawa, sawa, sawa, kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Alishusha pumzi, akafungua faili la amri ya langoni ambalo wakili alikuwa ameliweka wazi kwa umma, akalitafuta neno "fungua" kwenye nakala mpya, akayaweka mawimbi mawili moja juu ya jingine.

Yalifanana. Sampuli kwa sampuli, yalifanana. Alikuwa karibu kumwamsha bibi.

Ndipo katikati ya neno "yote" mawimbi yakaachana.

Si kwa muda mrefu. Kipande kimoja tu, sampuli mia tano themanini na nane, halafu yakashikana tena mpaka mwisho. Lakini sheria ilidai sekunde nzima isiyokatika, na mwachano ule uliangukia pale ambapo huku na huku haikubaki sekunde. Kwa mahakama, sauti hizi mbili hazikuwa moja.

Alikuza picha. Wimbi la kwenye sidii lilipanda na kushuka kama milima, jinsi sauti ya mtu inavyofanya. Wimbi la langoni, mahali hapo, lilikuwa mstari ulionyooka.

Mstari ulionyooka. Kisomeo kilichoshindwa kikabuni.

Hakutaka kufanya alichofanya baadaye, ila mkono ulikwenda wenyewe. Alifungua nakala ya zamani, ile aliyoisoma yeye miaka kumi na mitatu iliyopita, iliyokuwa kwenye rafu za wazi ambako yeyote aliweza kuichukua. Akaiweka juu ya sauti ya langoni. Zilifanana zote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ule mstari.

Subilaga alikaa mikono mapajani.

Aliikumbuka wiki ile. Mama yake alikuwa amelazwa Mbeya, na yeye alikuwa na sidii thelathini na moja mezani na tarehe ya mwisho Ijumaa. Alizisoma mara moja moja. Kwenye kila fomu, mahali palipoandikwa *Usomaji wa pili*, aliandika kwa mkono wake: *sawa*. Lenzi ilikuwa na vumbi siku ile, hakuifuta. Alifika Mbeya Ijumaa jioni, mama akaishi siku mbili zaidi, na hakuwahi kujutia, maana sidii zilikuwa zinalia vizuri na hakuna aliyeumia. Hivyo ndivyo alivyojiambia kwa miaka kumi na mitatu.

*

Anyosisye, mkuu wa Hifadhi, alifika saa saba. Alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyemfundisha Subilaga kazi tangu akiwa na miaka ishirini. Alimwona bibi kwenye benchi, akasita, akampita akinyata.

Subilaga alimwonyesha mawimbi matatu. Anyosisye aliyatazama muda mrefu.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Ulisoma mara moja."

"Ndiyo, mzee."

Alivuta kiti akaketi, akafunga macho na kuyasugua kwa vidole. "Ngoja tufikiri pamoja. Namba ya ulinganifu ya nakala ile ya zamani iko kwenye daftari la mahakama tangu siku ulipotoa cheti. Haiwezi kubadilishwa. Leo ukitoa nakala mpya, namba yake itakuwa tofauti kwa sababu ya kipande kimoja. Nakala mbili za sidii moja, mnakili mmoja, namba mbili. Watasema cheti cha kwanza ni batili, na nakala batili haisikilizwi mahakamani. Hapo bibi amekwisha."

"Nikieleza kwa nini zinatofautiana?"

"Hapo umekwisha wewe." Aliinama karibu. "Na si wewe tu. Nakala elfu nne zimetoka chumba hiki na jina lako. Watu wameachiwa kwa nakala zako. Wamerudishiwa watoto kwa nakala zako. Kila wakili nchini atasimama aseme, huyu mama alikiri uongo, tuzifute zote."

"Ilikuwa wiki moja. Thelathini na moja tu, ninazo namba zake."

"Nani atakuamini kwamba ni thelathini na moja?"

Nje mtu alicheka, au aliita; Subilaga alishtuka mabega yakapanda.

Anyosisye alinyoosha kidole kwenye kioo, kwenye jina la faili la zamani. "Lichukue hili. Libadilishe jina. Mwambie mkaguzi ndilo ulilosoma leo. Namba itaafikiana na daftari, sauti itaafikiana na lango, bibi anaachiwa Alhamisi. Hakuna anayeumia. Sidii yenyewe inaoza, mwaka kesho haitasomeka na hakuna atakayejua."

"Ni uongo, mzee."

"Ni uongo unaosema kweli. Hakufungua lango. Wewe unajua, mimi najua." Sauti yake ilikatika kidogo, na Subilaga akaona kwamba naye anaogopa, pengine kuliko yeye. "Nakuomba kama baba yako mdogo. Ni kubadilisha jina tu."

Alitoka nje kuvuta hewa, akamwacha na kompyuta.

Subilaga aliweka kidole juu ya kibonyezo. Aliwaza jinsi ilivyo rahisi. Kisha akawaza juu ya yule aliyekuja kwenye rafu za wazi, akachukua maneno mawili ya msichana wa mchezo wa kuigiza, akaua nayo watu kumi na mmoja, akamuua Tumpe. Huyo bado yuko mahali fulani. Siku moja naye atahitaji cheti kinachosema uongo kwa nia njema, na atakuja kukitafuta mahali walipowahi kukitoa. Aliwaza pia, na hili ndilo lililomtisha zaidi, kwamba akibadilisha jina leo hatapata tena siku ambayo hatakuwa na sababu nzuri ya kubadilisha.

Lakini hakuondoa kidole. Alikaa hivyo mpaka aliposikia mlango ukisema kwa sauti yake tulivu: *Mkaguzi Chilongani, Mahakama ya Sauti. Karibu.*

*

Mkaguzi alikuwa mwanaume mrefu aliyelowa mabega. Alimsalimia bibi kwanza, kwa heshima, jambo ambalo Subilaga hakulitegemea, kisha akaweka mezani kifaa cheusi ukubwa wa sahani ya chai. Kila mtu alikijua kwa jina la sikio. Kilisikiliza kiapo na kupima kama sauti inatetemeka pasipostahili.

"Taja jina na kazi."

"Subilaga Mwaisumo. Mnakili."

Taa ndogo ya sikio ikageuka kutoka kijani kuwa manjano. Chilongani aliitazama taa, akamtazama yeye.

"Hujaapa bado, mama. Unaogopa nini?"

Anyosisye alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya mlango wa ndani. Bibi Sekela alikuwa ameamka, ameshika kasha tupu la sidii kwa mikono miwili. Subilaga aliona midomo yake ikitembea, na hakujua kama anasali au anahesabu.

"Soma masharti," alisema mkaguzi.

"Nimesoma mara mbili." Taa ilibaki manjano. "Sikujaza. Nitaandika nisichokijua." Aliukamata ukingo wa meza. "Nakala niliyosoma leo asubuhi ni sahihi. Namba yake haitafanana na ile iliyoko kwenye daftari lenu."

Mkaguzi akaacha kuandika.

"Kwa sababu ile iliyoko kwenye daftari lenu niliisoma mara moja. Nikaandika mara mbili. Lenzi ilikuwa chafu, kisomeo kikabuni kipande kimoja katikati ya neno 'yote.' Kipande hicho hakimo kwenye sidii. Hakijawahi kutoka kinywani mwa mtu yeyote. Lakini kimo kwenye amri ya lango la Itebe." Alipumua. "Aliyefungua lango alitumia nakala yangu. Na namba yenu ya miaka kumi na mitatu inathibitisha kwamba kosa lilikuwepo kabla lango halijafunguliwa. Kosa langu ndilo ushahidi."

Taa ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Inasema unadanganya," Chilongani alisema kwa upole.

"Inasema naogopa. Ziko nyingine thelathini, nitakupa orodha."

Mvua ilianza juu ya bati. Chilongani alilitazama sikio na taa yake nyekundu, kisha akanyoosha mkono na kulizima, na Subilaga hakuwa amewahi kusikia kwamba sikio linaweza kuzimwa.

"Nionyeshe mawimbi," alisema. "Nitayaangalia kwa macho yangu."

*

Alhamisi bibi Sekela aliachiwa. Ijumaa Subilaga alifungiwa sauti kwa miaka mitano.

Haikuuma kama alivyotarajia, na iliuma mahali asipotarajia. Aliamka asubuhi akaiambia taa iwake na taa haikuwaka. Jiko halikumsikia. Alibaki kitandani gizani, akihisi kwamba huenda kweli hakutoa sauti yoyote, mpaka alipojipiga kofi pajani ili asikie kitu.

Lakini sidii thelathini zilibaki, na hakukuwa na mwingine wa kuzisoma. Mahakama iliamuru azirudie zote chini ya macho ya Chilongani, aliyehamia nyumba ya wageni sokoni na kuja kila siku na chupa ya chai. Mkaguzi alitaja jina lake mlangoni na Subilaga akaingia nyuma yake kama mzigo. Anyosisye alikuwa ameomba likizo. Hakumuaga.

Wenye sidii waliitwa mmoja mmoja. Kumi na tisa za kwanza zilisomeka, namba za zamani na mpya zikafanana, na kila mara mstari wa mwisho wa kijani ulipotokea Subilaga alijikuta ameng'ata ulimi. Hazikuwa na kosa. Angeweza kuzisoma mara mbili wakati ule na isingebadilisha chochote. Hilo halikumfariji.

Ya ishirini ililetwa na Lutengano, fundi wa vikaushio katika kiwanda cha chai, mwanaume wa miaka arobaini aliyevaa koti la kazi. Miaka minane iliyopita alifungiwa sauti kwa kushtakiwa kwamba si mtoto wa baba aliyemtaja, kwamba alitwaa jina na sauti ya ukoo usio wake. Kilichomwokoa ni sidii ya baba yake akiwatambulisha watoto wake siku ya arobaini ya bibi yao. Nakala ya sidii hiyo, iliyosomwa miaka mitano kabla ya kesi yake, ilikuwa kwenye orodha ya thelathini na moja.

"Itachukua muda gani?" aliuliza. "Zamu yangu inaanza saa tisa."

"Kaa tu hapo nje, kaka," Subilaga alisema.

Sidii ilikuwa imeota ukungu ndani ya plastiki. Usomaji wa kwanza ulipita. Wa pili ulikuja na namba tofauti katika dakika ya sita. Wa tatu ukatofautiana na wa kwanza na wa pili pia. Alifuta lenzi, akabadilisha kisomeo, akapunguza mwendo mpaka sidii ikawa inazunguka kwa uvivu. Wa nne. Wa tano. Wa tisa. Kila usomaji ulitoa mstari wake ulionyooka, mahali pake, na hakuna miwili iliyokubaliana. Nakala yake ya zamani nayo ilikuwa na mstari mmoja wa namna hiyo.

Chilongani aliweka kikombe chini. "Unaandika nini?"

Angeweza kusema tusome mara kumi na mbili, mara ishirini, tuendelee kesho. Aliandika kwa kalamu, kwa sababu kibodi haikumtii tena: *Dakika ya sita, sekunde kumi na nne hadi kumi na sita. Sijui.*

"Unajua maana yake kwake," Chilongani alisema. "Watamfungia tena."

"Najua. Niache nimwambie mimi."

Lutengano alisimama alipomwona. Alikuwa amesoma uso wake, na rangi ilikuwa imeanza kumtoka karibu na midomo. Subilaga aliijua hofu iliyokuwa ikimpanda, aliijua kwa kila hatua, na hakuwa na namna ya kuizuia isimfikie.

Alimweleza yote. Wiki ile, mama, lenzi, neno *sawa*. Alimwambia kwamba atasimama naye mahakamani hata kama hakuna mashine itakayoandika asemacho. Lutengano alisikiliza akikunja na kukunjua ukosi wa koti.

"Na baba yangu?" aliuliza mwishowe. "Kilichobaki naweza kukisikia?"

Mkaguzi aliwasha spika. Sauti ya mzee ilijaza chumba, yenye mikwaruzo, inacheka kidogo, inataja mkubwa, inataja wa pili. Kelele za sahani, mtoto analia mbali. Ilipofika dakika ya sita ikasema, "Na huyu hapa wa mwisho, huyu ni," kisha kimya cha sekunde mbili, kimya kitupu kisicho hata na mvumo wa chumba, kisha watu wakapiga makofi.

"Alisema jina langu hapo," Lutengano alisema. "Lutengano wa nyumba hii. Nilikuwa na miaka mitano, alinishika kichwani. Hapo ndipo alisema."

Alimtazama Subilaga, akamtazama Chilongani, akiwasubiri. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Subilaga, na fomu juu ya meza, na nafasi kwenye mstari ilitosha jina moja.

"Nakuamini," alimwambia.

Aliilaza kalamu mezani kando ya fomu, akavuta kiti, akaketi karibu naye, na kumwomba mkaguzi aipige ile sidii tena tangu mwanzo.